Sindano ya Pikipiki ya Marehemu

Beni, 7 Juni 1964

Kwa yaya Musafiri,

Asalam alekum. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na watoto wako, homa imewaacha? Sisi huku ni wazima, ila uzima wa nyumba yenye msiba unaujua.

Yaya, kaka yangu, nakuandikia na hasira, usishangae mwandiko. Tangu urudi Butembo baada ya kumzika mume wangu, pikipiki yake haichaji. Moteur, injini yenyewe, inawaka, maana magnéto inatoa cheche yake, haiombi betri. Lakini taa inawaka kidogo, inakuwa nyekundu, inazimika. Na bila taa hakuna samaki: lazima utoke Kyavinyonge, kule ziwani, kabla ya jua, la sivyo unafika Beni na harufu tupu. Marehemu Nassoro alinifundisha kuiendesha kwenye kiwanja cha mpira, na kazi hiyo naitaka mimi.

Sasa Idi, mdogo wa marehemu, amekaa na wazee wao, wamekata neno. Nikitoka eda pikipiki ikiwa nzima, ni yangu na watoto. Ikiwa imekufa, ataichukua aiuze vipande vipande. Alikuja kuniambia mlangoni, mimi shemeji yake: « Muramu, hii kitu ilikufa na mwenyewe. Uiache ipumuzike. » Ipumzike! Kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiamka usiku kwa ajili yake.

Mwanamke wa eda hatoki kwenda garage, na fundi mwanamume akiingia hapa ndani watu watasema. Wewe ni fundi wa macamion ya mizigo, na ni ndugu yangu. Nifundishe kwa barua. Mikono ninayo.

Mdogo wako,
Safi

Butembo, 15 Juni 1964

Kwa mdogo wangu Safi,

Waalekum salam. Barua yako dereva Kambere amenipa, bado ina vumbi la camion yake. Mama hajambo, miguu ni ileile. Anakuombea, na anauliza kama unakula.

Mdogo wangu, kazi hii si ya mikono yako, lakini kwa kuwa umeomba, basi. Kwanza angalia maji ya betri. Kisha fungua kifuniko cha dynamo, ile inayojaza betri, utaona makaa mawili madogo yanayogusa sehemu ya kati inayozunguka. Yakiwa mafupi sana au machafu, huo ndio ugonjwa. Kaza nyaya zote. Halafu tazama sindano ya ampèremètre, kile kipimo cha umeme pale juu ya taa: ikienda upande wa plus, wenye alama ya msalaba, betri inapokea, ikienda upande wa moins, wenye mstari mmoja, betri inatoa. Ni hayo tu. Usifungue kitu kingine, utaharibu.

Yaya wako,
Musafiri

Beni, 28 Juni 1964

Kwa yaya Musafiri,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie ninakula. Mvua imekatika, maharagwe yananyauka, wengine wote ni wazima.

Nimefanya yote. Maji nimeongeza. Makaa ni marefu, nimeyafuta. Nyaya nimekaza mpaka kucha imevunjika. Sasa unieleze jambo hili: moteur imezima kabisa, nawasha taa, sindano inapanda upande wa plus. Betri inapokea kutoka kwa nani, yaya? Kutoka kwa Mungu? Na nikiwasha moteur, sindano inarukaruka, na kisanduku cha régulateur, kile kinachopima umeme wa kuchaji, kinapata moto hata kidole hakikai.

Idi alipita tena jana. Alizunguka pikipiki akiigonga tairi kwa kiatu, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Nilijifunga kitambaa, nikaifuta tairi pale alipoigonga.

Mdogo wako,
Safi

Butembo, 11 Julai 1964

Kwa mdogo wangu Safi,

Salamu. Sisi wazima. Soko limelegea, watu wanasema waasi wanakuja, watu wanasema hawaji.

Sindano umeisoma vibaya. Ulisimama upande wa mbele ya taa, ndiyo maana moins uliiona kuwa plus. Nimetengeneza macamion tangu wakati wa Wabelgiji, na sijaona betri inayopokea moteur ikiwa imezima. Dynamo imekufa. Donc basi, acha ubishi, unajichosha katika eda yako. Idi amefika hapa kwangu, tumeongea vizuri kama wanaume.

Yaya wako,
Musafiri

Beni, 29 Septemba 1964

Kwa yaya Musafiri,

Asalam alekum. Mama yuko hai? Wewe uko hai? Tangu barabara ifungwe kwa ajili ya waasi hatujasikia neno. Kambere amesema atajaribu kupita, barua hii ameificha ndani ya kiti. Huku tuko wazima, tunalala tumevaa viatu.

Eda imeisha. Asubuhi ileile Idi alikuja na watu wawili na kamba. Alisimama mlangoni akanisomea barua uliyompa yeye mwezi wa Julai: kwamba wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, umekubali pikipiki ichukuliwe. Nilimwacha asome yote mpaka kwenye jina lako. Nililia, yaya, sikufichi.

Kisha nikapiga kick kwa mguu, moteur ikawaka. Nikawasha taa, mchana kweupe. Sindano ikashuka kidogo upande wa moins. Nikaongeza gaz, moteur ikanguruma, sindano ikapanda upande wa plus, ikatulia. Idi aliweka kiganja mbele ya taa, akasema: « Kumbe inachaji. » Nikamjibu: « Ndiyo. Na si kwa ajili yako. » Akaondoka na kamba yake.

Unataka kujua ugonjwa? Kumbuka matanga. Ni wewe uliyetoa betri ili kuwasha ampoule ya taa juu ya watu waliokesha. Ni wewe uliyeirudisha, ukaifunga kama ya camion, moins kwenye châssis, yaani chuma cha mwili wake. Pikipiki hii ni ya Waingereza, yaya. Kwao ni plus inayofungwa kwenye châssis, ndiyo maana Nassoro alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye waya wa châssis, ajue ni wa plus. Nilikikuta kwenye moins ya betri, nikaelewa. Sindano haikusema uongo. Ilikuwa inaniambia betri imegeuzwa, na wewe ukaniambia sijui kusoma.

Niliigeuza. Points za régulateur, zile ncha zinazogusana, zilikuwa nyeusi, nikazisugua. Kambere akaijaza betri kwenye camion yake. Hakuna dynamo iliyokufa.

Nimeacha nyuma ya karatasi hii tupu. Hapo umwandikie Idi na wazee wao, kwa mkono wako, kwamba ni wewe uliyekosea na ni mimi niliyetengeneza. Usimpe mtu ailete. Barabara ikitulia nitakuja kufuata viazi vya Musienene, na Mama nitamletea samaki. Ukiona taa ya pikipiki inapanda kwenu, toka nje na karatasi.

Mdogo wako,
Safi