Nyuma Imeinuka Vidole Vinne

Alhamisi. Ukungu umeufunika Mlima Meru tangu asubuhi, nguo kwenye kamba hazikauki.

Kwa heshima na taadhima, naujulisha ulimwengu kwamba sehemu ya nyuma ya pikipiki yangu imeinuka vidole vinne. Wanaotaka kusimama kwa dakika moja, wasimame.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Shokapu yake ya nyuma haikazwi kwa spana. Unabonyeza kitufe, mota ndogo chini ya kiti inalia kama mbu, na kwenye skrini unachagua picha: helmeti moja, helmeti mbili, au helmeti mbili na begi. Kitabu cha maelezo ni cha Kijerumani. Mimi nimejifunza kwa kubonyeza.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe kwake Nkoaranga nikiwa nimeweka helmeti mbili, maana tulikuwa wawili. Kila tuta, nyuma ilishuka ikagonga: pu! Alipofika akawaambia kina mama wa kwaya, "Mkwe ana pikipiki ya kizungu, ila anabeba watu kama mchanga." Maneno hayo yalifika mjini kabla yangu.

Mwanaume anaweza kuishi na mengi. Hilo, hapana.

Juzi nikiwa naoga ndipo nikaelewa. Waliotengeneza shokapu hii wanadhani abiria anamkumbatia dereva. Hawajui ukwe. Mama anakaa upande, mwisho kabisa wa kiti, na kati yetu anaweka kikapu ili hata koti langu lisimguse. Uzito wote unaning'inia nyuma. Kwa skrini ni helmeti mbili. Kwa springi ni harusi nzima.

Ikabaki kujua uzito. Nikamuuliza mke wangu, "Hivi mama ana kilo ngapi?"

"Kwani unamuuza?"

Basi jana nikaazima gunia la viazi kwa Mangi, mwenye duka jirani yetu hapa Levolosi. Nikalifunga mwisho wa kiti, kikapu mbele yake. Mangi akatoka na kikombe cha chai.

"Fundi, viazi vinakwenda wapi?"

"Haviendi popote. Vinafanya mazoezi."

"Ya nini tena?"

"Ya kuwa mama mkwe."

Akalitazama gunia. "Shikamoo mama," akasema, akarudi ndani.

Nilipobonyeza gunia likiwa juu, mota ililia ikakata tamaa. Kumbe haimwinui mtu aliyekwisha kukaa. Nikashusha viazi, nikawasha injini, nikabonyeza hadi helmeti mbili na begi, ndipo nikapakia tena. Nikaenda kupita tuta moja la Kaloleni, nikageuza, nikalipita tena.

Kimya.

Leo ikawa zamu ya mwenyewe, aliyekuwa amekuja kututembelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Neema. Leo nitafika na mgongo wangu?"

Nikawasha injini, nikabonyeza hadi picha ya begi. Akapanda kutokea kwenye kibaraza chetu, kikapu katikati, tukaondoka. Matuta ya Tengeru: kimya. Kule juu kwenye mawe, nyuma ilikuwa inapumua tu, inashuka na kupanda taratibu kama mtu aliyelala. Nikaanza kuimba ndani ya helmeti.

Kwake tuliwakuta kina mama wa kwaya uani wanamenya ndizi. Wawili wakamshika mikono akashuka. Hakusubiri kuulizwa.

"Leo mkwe amenibeba kama yai!"

Vigelegele. Nikaongezewa loshoro, mahindi ya maziwa mgando, bila kuomba. Mmoja wao akaizunguka pikipiki akikipapasa kiti kama ng'ombe wa mahari. Nimerudi mjini sikwepi tuta hata moja.

Jumapili mama anashuka tena kuja kwetu. Kule kwake hakuna kibaraza cha kupandia, na kiti changu sasa kiko juu mno, hakifikii; nikikishusha apande, mota haitamwinua.

Ameshaagiza bajaji.