Wanataka Kuvunja Kioo cha Kambale

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mama anakuja kunichukua. Mimi na mume wangu Kambale tulikimbia vita Goma tukarudi hapa Lubumbashi, kwetu, mikono mitupu, na badala ya kukaa akilia yeye akaunganisha kompyuta kuukuu sebuleni, sasa vijana waliokatiwa masomo na vita wanakuja kunakili programu za bure, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzichukua, kwa sababu ukizivuta mwenyewe kutoka Ulaya forfait, kile kifurushi cha intaneti ulicholipia, inaisha programu haijafika nusu, na hata intaneti wanayoiita illimité, eti haina kikomo, ikigusa kiwango chao inatambaa, basi Kambale anazivuta mara moja kwa ajili ya wote, kwa subira ambayo mimi sina, na kweli namvulia kofia. Shida ni jina. Mafundi huiita mashine hiyo miroir, yaani kioo, kwa kuwa inabeba nakala ileile ya kilichoko mbali, naye akamwambia kijana mlangoni, “Ingia, kioo yangu imeshaleta bintu byote bya Ufaransa,” jirani akasikia, na unajua kioo cha mganga ni cha kazi gani, kuwaona watu walio mbali na kuwaroga. Wanamaombi wa kanisa letu wakaja wakavunja kioo changu cha kuvalia, hawakuridhika, sasa wanakitaka na cha Kambale, na mama ameniambia: “Utoke mu ile nyumba, mwanangu. Bwana yako iko anaangaliya bantu mu kioo.” Nimwombe Kambale aizime, au nimfuate mama?

Hortense, Katuba, Lubumbashi

Hortense, pole kwa kioo, na hongera kwa mume. Wengi wamefika hapa wakikimbia vita wakabaki kusimulia walichopoteza. Huyu amefungua mlango. Lakini wewe nawe! Watu wanavunja vitu chumbani mwako, ukweli unaujua, na unaniandikia mimi badala ya kuwaonyesha hiyo mashine? Ukiizima sasa, watasema walikuwa sahihi.

Hilo neno kioo lizikwe leo. Kambale aseme dépôt. Wanande wenzake, wafanyabiashara wa kabila lake, wana dépôt, maghala ya bidhaa, mji mzima: mzigo unaletwa mara moja, kwa wingi, kila mtu anachukua karibu na kwake. Nani Katuba haelewi hilo? Kisha usingoje Jumapili. Mwite mama kesho, na kiongozi wa wanamaombi aje na kompyuta ya kanisa, mlango wazi, vijana wakiwepo, Kambale awawekee programu ya kuandikia nyimbo wakimtazama. Waliovunja kioo chako walete kingine.

Mama akishikilia kuondoka nawe, mpikie, msikilize, msindikize hadi barabarani. Halafu urudi ndani kwa mume wako.