Kisima cha Msimu wa Joto

Chilangala, Newala
2 Oktoba 1956

Kaka Dastani,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, ila goti la Mama limevimba tena. Juzi aliteleza kwenye njia ya bondeni, mtungi ukavunjika, akarudi mikono mitupu analia. Hajawahi kulia mbele yetu. Baba anasema kisima lazima kiishe kabla ya mvua, Mama asishuke tena kuchota.

Tumefika pima kumi na mbili, udongo umeanza kushikana mkononi. Lakini fundi Mussa amekunja kamba yake kaenda zake. Anasema yeye hachimbi wakati wa joto, hewa ya chini inalala, tungoje baridi ya Juni. Nikamuuliza inalalaje. Akanijibu, "We jaribu, utaona." Baba anasema wewe ndiye uliyesoma, uamue. Nitamsomea jibu lako.

Mdogo wako,
Isaka


Chiwata, Masasi
11 Oktoba 1956

Mdogo wangu Isaka,

Marahaba. Mimi mzima, ingawa mapishi yangu mwenyewe yananikondesha. Mpe Mama pole nyingi.

Sasa msomee Baba haya polepole. Nina kitabu kinachoeleza tumbo la dunia. Chini sana kuna joto kali. Mwamba wa huko ukipata joto unatanuka, unakuwa mwepesi, unapanda. Ukikaribia juu unapoa, unajibana, unakuwa mzito, unazama tena. Mtazameni Mama akichemsha kunde: katikati zinapanda, pembeni zinashuka. Dunia nayo hivyo hivyo, ila taratibu mno, pengine upana wa ukucha kwa mwaka. Wataalamu wengine wanabisha, mimi naamini.

Kwa hiyo Mussa anatuchekesha tu. Joto la chini halijui Juni wala Novemba. Mkichimba mnalisogelea, hewa ya kisimani inapata joto na kupanda yenyewe pamoja na uchafu wake. Chimbeni! Krismasi nataka kunywa maji ya kwetu.

Kaka yako,
Mwalimu Dastani


Chilangala, Newala
4 Novemba 1956

Kaka,

Shikamoo. Usiniulize hali.

Baba amefariki. Tumemzika jana. Lori halikuwepo la kukuletea habari.

Ijumaa ilikuwa zamu yake kushuka. Mussa alipita, akatuomba tushushe kwanza mwenge wa nyasi; ukizimika, mtu asiingie. Baba akaniambia, "Hebu nisomee tena ya mwanangu." Nikamsomea. Akacheka, akaikunja barua akaitia mfukoni, akashuka. Jua lilikuwa linachoma. Tulikuwa tumefika pima kumi na nne. Nilisikia jembe mara tano, basi. Nikaita. Nikavuta kamba, ikaja tupu.

Nilitaka kumfuata, Mussa akanishika kiunoni. Tulimtoa kwa kulabu. Barua yako imerudi naye.

Kaka, ulisema itapanda.

Mdogo wako,
Isaka


Chiwata, Masasi
16 Novemba 1956

Isaka mdogo wangu,

Sina salamu ya kukupa. Mzigo wangu umefungwa tangu barua yako ifike. Lori la Newala limepita mara tatu, na mara tatu nimeshindwa kupanda. Ninaogopa uso wa Mama.

Mussa alikuwa sahihi, tena kwa kanuni ile ile niliyojivunia: kizito hukaa chini ya chepesi. Joto la dunia liko mbali mno, pima kumi na nne ni kukwaruza ngozi tu. Chini ya kisima kuna ubaridi usiobadilika. Juni hewa ya nje inakuwa baridi zaidi, inakuwa nzito, inazama kisimani na kuitoa ile mbaya, inayozima mwenge na pumzi ya mtu. Novemba hewa ya nje ni ya moto na nyepesi, inabaki juu, na ile mbaya inakaa pale pale. Inalala, Isaka, kama alivyosema.

Yote haya yalikuwa mbele ya macho yangu. Sikufikiri. Nilitaka Baba aone kwamba nimesoma.

Mwambie Mama ni mimi niliyemuua. Au usimwambie. Sijui.

Kaka yako,
Dastani


Chilangala, Newala
9 Juni 1957

Dastani,

Barua zako sita zimefika. Sikuzijibu.

Ile ya kwanza baada ya msiba nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka nimsomee na ile iliyotoka mfukoni mwa Baba. Akanirudisha pale pa kunde. Tangu siku hiyo hapiki kunde. Maji anashuka kuchota kwa fimbo, hataki nimsaidie, na goti sasa halikunjiki.

Leo baridi imeshika kweli, watu wamejifunika mashuka barabarani. Nimewasha mwenge wa nyasi, nikaufunga kwenye kamba ya Baba na kuushusha kisimani. Umewaka mpaka chini, pima zote kumi na nne. Nimeona mpini wa jembe lake. Nimekaa pale mpaka ukaisha wenyewe.

Miezi saba tu, Dastani. Tungengoja miezi saba.

Kesho mimi na Mussa tunakifukia. Maji hatukuyafikia.

Usiandike tena. Mama hataki kusomewa.

Isaka