Spesa za Kaka Habakuki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kaka Habakuki amenichosha. Naandika hivyo kwanza, maana kesho atanichekesha na mimi nitasamehe.

Nimefunga cherehani mapema kwa sababu aliniita gereji kwake, hapa hapa Chanika. Njoo uone zawadi ya Starlet, gari letu la mashindano, anasema. Zawadi! Vyuma vinne vya duara, vinene kama kidole gumba, vimeviringishwa kwenye gazeti. Spesa. Unazipachika kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu, magurudumu yanasogea nje, gari linakuwa pana, halilali kwenye kona. Hapo sina ubishi. Mwezi wa tano kwenye mashindano ya magari tulipita kona ya shamba la mkonge kwa matairi mawili. Yeye chini na usukani wake, mimi juu namsomea noti za kona huku nauona mtaro kupitia dirisha lake. Anayetaka gari lisipinduke ni mimi kuliko yeye.

Lakini bolti ni zile zile za zamani! Spesa imekula urefu wote. Nimezungusha nati kwa vidole — mizunguko mitatu, basi, imefika mwisho. Nikamwambia. Anasema tatu zinatosha, kwani nataka ngapi?

Ngapi! Hata kifungo cha shati nakipitisha uzi zaidi ya mara tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemburuta mpaka Korogwe, kwa Upendo. Tulisoma wote chuo cha ufundi, mimi ushonaji, yeye uchongaji vyuma. Sasa ana mashine yake Kwamndolwa. Akaipachika spesa kwenye habu, akaitikisa. Inacheza. Akasema tundu la katikati ni kubwa mno, kwa hiyo gurudumu halikai kwenye habu, linaning'inia kwenye bolti. Na bolti zenyewe fupi. Leteni ndefu, nami nitachonga shingo ya katikati ishike habu. Siku mbili tu.

Kaka akacheka kile kicheko chake cha heshima. "Asante dada, tutarudi."

Haturudi. Namjua. Tunakaribia Handeni ndiyo anasema Upendo anapenda kukuza mambo. Kha!

Jumamosi, 9 Agosti

Sijanawa vumbi bado. Naandika hivyo hivyo.

Alizifunga jana bila kuniambia. Leo asubuhi: twende Mazingara tukajaribu, njia ya vumbi, hakuna watu. Nikapanda. Nani alinilazimisha? Hakuna. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Na gari lilikuwa tamu! Lazima niseme ukweli. Kona ya kwanza lilishika ardhi kama limebandikwa. Ya pili vivyo hivyo. Kaka anapiga kelele, unaona? Unaona? Nilikuwa nimeanza kucheka.

Kisha gok, gok, gok — nyuma, upande wangu. Nikasema simama. Akasema ni jiwe. Nikasema simama! Gurudumu la nyuma likatupita. Nimeliona kwa macho yangu, linakimbia peke yake kando ya dirisha langu, halafu likaiacha barabara likashuka bondeni. Sisi tukakwaruza chini, tukageuka, tukasimama ndani ya vumbi.

Gurudumu lilitoboa ua wa miiba wa boma la mfugaji mmoja, mzee Loishiye. Ndama wametawanyika. Mkewe, mama Naitoi, amesimama na kibuyu cha maziwa. Gurudumu lilimpita hatua mbili. Labda tatu. Maziwa yanamwagika miguuni pake.

Nikasema shikamoo mama. Akaitikia. Aliitikia! Mimi nisingeitikia.

Mzee Loishiye alilibingirisha gurudumu mwenyewe mpaka kwenye gari. Kaka akaanza kueleza: spesa, upana, kona. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, siku ya mashindano watu wanasimama wapi? Kaka akasema pembeni ya barabara. Mzee akalitazama gurudumu, akautazama ua wake.

Tumekaa mpaka saa nane tunaziba ua. Nimetoa miiba sita mkononi.

Jumapili, 10 Agosti

Shingo imekaza. Sikwenda kanisani. Kaka amekwenda. Mama anasema alikaa kiti cha mbele. Cha mbele!

Jumanne, 12 Agosti

Kwa Upendo tena, kuchukua kazi tuliyompelekea jana. Bolti ndefu, shingo imechongwa, spesa imekaa kwenye habu haichezi hata kidogo. Nati inazunguka mara tisa. Upendo hakusema "niliwaambia". Alisema moja tu, tena alimwambia yeye, si mimi: "Chuma kipya kinakaa polepole, nati zinalegea, kaka yangu. Ukishatembea, kaza tena. Na kila ukimaliza kipande cha mashindano, kaza tena."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Kichwa hicho hicho kigumu.

Ijumaa, 15 Agosti

Korogwe. Tumekuja kwa mashindano ya kesho, kilomita sitini na ushee kutoka nyumbani. Nikasema tukaze. Akasema mkaguzi wa mashindano atakaza. Mkaguzi akatikisa gurudumu moja, akasaini karatasi, akaenda zake.

Nimekaza mwenyewe. Nati zote kumi na sita, nimevaa gauni, watu wananitazama. Hakuna iliyosogea. Kaka ameegemea boneti anakula muhogo. Ananiuliza, umeridhika?

Ndiyo, nimeridhika! Kwa leo tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa nne na nusu. Naandika kwa penseli, nyuma ya daftari la noti, nimekaa chini kando ya gari.

Kipande cha kwanza tumekuwa wa tatu. Wa tatu! Magari makubwa nyuma yetu. Gari halikulala hata mara moja. Na watu — sijawahi kuona watu wengi hivi. Wamepanga mstari njia nzima, wengine wamebeba watoto mabegani. Zamani sikuwaona, nilikuwa nasoma noti. Leo nimekosea kona moja kwa kuwatazama.

Tuna dakika sita kabla ya kipande cha pili. Nikasema spana. Kaka akasema umekaza jana, hazikusogea, tukichelewa tunakatwa muda, unataka tuwe wa kumi? Nikashuka na daftari. Nikamwambia nenda, zisome noti mwenyewe.

Alinitukana kwa Kizigua, mpaka marehemu bibi akatajwa. Kisha akashuka. Akachukua spana kwa hasira, akaanza nyuma, upande wangu.

Nati ya kwanza haikusogea. Akanigeukia: unaona?

Ya pili haikusogea. Akanigeukia tena.

Ya tatu imezunguka. Nusu mzunguko.

Hanitazami sasa. Wametuita namba yetu mara ya pili, mwenye bendera anapunga mkono. Kaka hata hajainua kichwa. Amekaza ya nne, amehamia gurudumu la mbele, amepiga goti, anakaza ya tano.