Geji Uliyonitaka Niisome

Baba Bakari, mume wangu mpendwa,

Tulifundishwa kuwasalimu waliotutangulia kila tupitapo kando ya makaburi. Jana nilikusalimu kupitia dirisha la gari lako, kwa sauti ya chini, kwa sababu Bakari ndiye aliyekuwa akiendesha na sikupenda mwanetu anione nikilia. Yaliyobaki moyoni ninayaandika hapa.

Unaikumbuka siku uliyoniondolea kiyoyozi? Mimi sijaisahau. Wiki moja kabla yake tulikuwa tumetoka kwa mama yako, karibu na kivuko cha Funzi. Ulikuwa umepunguza upepo wa matairi, kama kawaida yako, ili gari lisizame katika ile njia ya mchanga. Tulipofika kwenye lami hapakuwa na mahali pa kuujaza tena. Uliendesha polepole kuelekea Msambweni, na kabla hatujafika tairi moja likapasuka ubavuni. Ulifunga tairi la akiba, na njia nzima ulikuwa ukiitazama boneti, nami nikajua kuna jambo unalolipanga.

Jambo lenyewe lilikuwa kompresa. Ulinieleza mezani, ukichora kwa kidole juu ya kitambaa, kwamba kazi ya kompresa ya kiyoyozi ni kukandamiza gesi, na chombo kinachokandamiza gesi hakishindwi kukandamiza upepo. Ukampelekea gari fundi Hamisi, pale Kona ya Musa. Lilirudi likiwa na mtungi mdogo nyuma, mpira mrefu wa kujazia upepo, na joto. Ilikuwa saa nane mchana, nimevaa buibui, madirisha yote yako wazi, na hewa iliyoingia ilikuwa kama imetoka jikoni.

Nilikwambia, "Umeyapa matairi baridi yangu."

Ulijibu kwamba matairi ndiyo yanayotubeba. Jibu lilikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo lilinikera zaidi. Safari tatu za kwenda kwa mama yako sikukusemesha ila salamu. Ulipochuchumaa kujaza upepo, mimi nilibaki ndani ya gari nikitazama mbele, natiririkwa na jasho kwa makusudi.

Safari ya nne ulikuja dirishani ukiwa na geji mpya ya kupimia upepo mkononi. Ulisema macho yako hayazioni tena namba ndogo.

"Mwalimu, shuka unisomee."

Nilishuka. Sikuweza kumnyima mtu kusomewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu ujana. Nilichuchumaa kando yako, nikakusomea: ishirini, ishirini na nne, ishirini na tisa. Sindano ilipofika thelathini na mbili uliniuliza, "Nimefaulu?" Nilikujibu kuwa umefaulu, lakini kwa shida. Ulicheka hata ukaegemea mlango, nami, pamoja na hasira zangu zote, nikacheka.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Matairi manne, na kila moja uliuliza kama umefaulu, na kila moja nilikupa alama ile ile. Wenye baiskeli na mikokoteni walipotuona walikuja kuomba upepo, nao pia nikawasomea. Na kila Ijumaa ulipotoka msikitini ulifungua boneti ukaitia kompresa matone ya mafuta. Ulisema imefiwa na gesi yake iliyokuwa ikiipelekea mafuta, kwa hiyo ni lazima itunzwe.

Kisha nikafiwa mimi. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na muda huo wote gari lilisimama uani bila ya mtu kuikumbuka kompresa. Eda ilipokwisha, Bakari alikuja kutoka Mombasa, akaiwasha, ikapiga kelele kama chuma kinachosagana na chuma. Aliniambia kwa upole, "Mama, tukurudishie kiyoyozi chako. Baba alikusumbua vya kutosha." Nilikubali. Lilikuwa dai langu la miaka mingi, na sikuona sababu ya kulikataa siku lilipotimizwa. Kompresa mpya ingefungwa mahali pa hiyo yako, na mtungi na mpira vingetolewa.

Tulipompelekea gari, Hamisi alifungua boneti, akatupatia habari kwamba kompresa haijafa, imekauka tu. Alipokuwa akikagua mpira aliiona geji, akaigeuzageuza.

"Mwalimu, na hii mzee aliitakia nini?"

Nilimweleza habari ya macho yako. Alinitazama kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze.

"Macho gani, Mwalimu? Mzee alikuwa akinionyesha nyufa ambazo mimi mwenyewe sijaziona."

Akanishika mkono kwa adabu, akanisogeza karibu, akanionyesha kidude cha shaba pale mpira unapoungana na mtungi. Alisema wewe mwenyewe ulimwamuru, tangu siku ya kwanza, akifunge kwenye thelathini na mbili na asikiguse tena. Upepo ukifika hapo hukoma wenyewe. Mtu anaweza kuuacha mpira kwenye tairi, akaenda kuswali, akarudi, na tairi lisizidi.

Nilikaa juu ya benchi lake. Miaka yote ile hukuhitaji wa kukusomea, Baba Bakari. Ulihitaji nishuke.

Nilimwambia Hamisi aitie kompresa mafuta na afunge boneti. Bakari aliniuliza joto je. Nilimjibu kwamba nimelizoea, jambo ambalo si kweli.

Jana, basi, tulikwenda kwa mama yako. Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye lami, Bakari alinisihi nibaki garini. Nilishuka. Nilichuchumaa mahali petu, nikasoma kwa sauti: ishirini, ishirini na nne, ishirini na tisa. Sindano ilifika thelathini na mbili, ikatulia. Nikasubiri uniulize.

Nakujibu leo. Umefaulu, mume wangu, na haikuwa kwa shida. Haikuwa kwa shida hata mara moja, nami nilikuwa nikijua.

Keshokutwa ni Ijumaa. Mafuta nitayatia mimi. Mola akurehemu, na atukutanishe mahali pasipo na joto.

Ni mimi mkeo, msomaji wako,
Mama Bakari