Naogopa Kumbeba Luka

Isansa, Julai 1949

Dada Roda,

Kanga ulizonitumia kutoka Isoka zimefika, na Luka sasa anakaa mwenyewe. Ulezi tumeshaupura. Kusaga ndiko kumenishinda, maana kifundo cha mkono wangu wa kulia, upande wa kidole gumba, kimevimba na kinauma.

Mavyaa aliniongezea bangili mbili za shaba juu ya zile za arusi, akazikaza. "Mkono mlegevu hukazwa kwa shaba," alisema. "Au kwenu mlikuwa mkisagiwa?" Maumivu yakazidi.

Jumatatu nilipomnyanyua Luka, aliniponyoka karibu na moto. Nilimkinga kwa goti. Hakuungua, lakini tangu hapo kila akilia naogopa kumnyanyua.

Nilikwenda zahanati ya misheni. Dresa, yule mganga msaidizi wa pale, alinikunja kidole gumba mpaka nikapiga kelele. "Si mfupa, mama, wala hukurogwa," alisema. "Ni kano, zile kamba zinazovuta kidole. Zimevimba kwa kusaga na kunyanyua mtoto. Vua bangili nikufunge kijiti, kisha upumzishe mkono mpaka uvimbe upungue."

Nilizivua zote. Mavyaa anasema nimevua ndoa ya mwanawe, na jiwe la kusagia ameliweka mlangoni pangu. Mume wangu yuko mgodini Saza, hajui lolote.

Njoo, dada, unibebee mtoto. Nanyonyesha nikiwa nimelala mkekani. Luka ananinyooshea mikono anyanyuliwe, nami naificha yangu mgongoni.

Mdogo wako anayetazama njia,
Aida