Ndala Nyekundu za Mama Kulwa

Fundi wangu Masunga,

Mwangaluka. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kwamba hapa Nassa kazi haianzi bila salamu, hata kama mtu kachelewa. Basi pokea.

Ule wavu tumeupata.

Ndiyo, ule ule uliotupotea siku ya dhoruba, nawe ukarudi ufukweni ukisema mawe yameumeza. Mwaka mzima hukutaka tuuzungumzie. Ulipougua ndipo ukaanza: "Kabula, ule wavu bado unavua." Nyavu za pamba za wazee zilikuwa zinaoza, ukasema, lakini nailoni haizeeki, iko chini kule inakamata samaki wasioliwa na mtu. Nakuletea uji, wewe unaniuliza habari za samaki. Nikakuahidi nitautafuta. Kusema kweli niliahidi ili ule tu, na jambo hilo limenichoma tangu tulipokuzika.

Mwezi huu ziwa limepungua, maboya yakaonekana kwenye mawe. Tulikwenda na mitumbwi miwili, tukavuta hadi viganja vikachubuka. Ulijaa mifupa. Sangara waliobaki vichwa, ndege wawili waliozama wakifuata samaki, na chupa za plastiki hata sikujua zimefikaje. Nililia, Fundi, sikufichi. Lakini pembeni alikuwemo kamongo, yule samaki wa matopeni, mzima, mkubwa, ana hasira kama mtu aliyekatishwa usingizi. Nikamkatia matundu kwa kisu chako. Akanichapa mkia wa uso, akaenda zake bila asante.

Sasa sikia ya ufukweni. Mama Kulwa, mkeo, alikuwa amekuja kununua dagaa. Akaokota boya moja, akaligeuza. Jekundu, lina alama ya msalaba aliyoichomea ndala zake mwenyewe kwa msumari wa moto. Fundi! Mimi uliniambia maboya yale umeyakata kwenye ndala za kuokota. Yeye ulimwambia ndala zake zimebebwa na mbwa wa Mama Tabu, jirani yenu, na wale wawili wakanuniana tangu siku hiyo!

"Masunga! Yaani nilikulilia vile, kumbe mwizi ni wewe!"

Nikajua leo unazikwa mara ya pili. Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa mchangani, khanga ikamdondoka begani. Tangu uondoke sikuwahi kumwona akicheka. Siku za mwizi arobaini, Fundi, hata akishatangulia.

Jioni alimpelekea Mama Tabu bakuli la michembe, vile viazi vikavu ulivyokuwa ukitafuna kutwa, akamwomba radhi yeye na mbwa pia. Wavu nimeukatakata. Kipande kimoja kinafunika michembe inayoanikwa juani, na kuku wanakizunguka wamekasirika.

Mimi bado naunasa wavu kwenye kidole gumba cha mguu ninapouziba, kama ulivyonionyesha. Kidole kimeshapinda kama chako. Nakuahidi, na safari hii siahidi ili mtu anywe uji: kila wavu utakaopita mikononi mwangu nitautia alama ya mwenyewe, na ukipotea tutautafuta siku hiyo hiyo, kabla hatujaanza kutunga uongo. Maboya nitanunua.

Pumzika sasa, Fundi. Ule wavu hauvui tena.

Mwanafunzi wako,
Kabula